MWENYE GARI ANAPOHAMA NCHI: MAMBO YA KADI, FORODHA NA BIMA

Mwananchi anapojaaliwa kuhamia nchi nyingine, iwe kwa kazi, masomo, biashara au ndoa, hushughulika kwanza na pasipoti, viza na nauli. Gari lake hulikumbuka mwisho, mara nyingi usiku wa kuamkia safari, akampa nduguye ufunguo na kumwambia, "Liangalie mpaka nitakaporudi." Kwa kauli hiyo fupi hudhani amemaliza. Wengine huamua kuondoka nalo, wakaamini kwamba madhali kadi ina jina lao na stika ya bima imebandikwa kiooni, hakuna la kuwazuia.

Dhana zote mbili zimewaletea watu hasara. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Gari ni mali yenye madaftari matatu, nayo ni daftari la usajili, daftari la forodha na daftari la bima. Kila moja hutunzwa na ofisi yake, kila moja lina muda wake, na hakuna hata moja linalojua kwamba mwenye gari amehama mpaka aende mwenyewe akaliarifu. Makala haya yanaeleza jinsi madaftari hayo yanavyofanya kazi pale mwenye gari anapovuka mpaka, na yale yanayompasa kuyatimiza kabla ya kuondoka.

MFANO WA KEWANJA

Kwa mkaazi wa Visiwani, bahari ndiyo mpaka. Gari halivuki bila ya kupakiwa melini, na bandarini wapo maofisa wa kumwuliza mwenyewe nyaraka zake. Kwa sababu hiyo ni rahisi kusahau kwamba kwengineko mpaka huvukwa kwa magurudumu, katika muda wa robo saa, na kwamba hapo ndipo makosa mengi yanapofanyika. Wananchi wa Visiwani wanaofanya kazi au biashara Tanzania Bara hukutana na hali hiyo katika mikoa ya mpakani, na mfano mzuri ni kijiji cha Kewanja.

Kewanja ni miongoni mwa vijiji vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara, wilayani Tarime, katika Mkoa wa Mara. Mgodi huo ulianza uzalishaji mwaka 2002, nao uko takriban kilomita 20 kusini ya mpaka wa Kenya. Barabara kuu itokayo Mwanza na Musoma hupita Tarime hadi Sirari, na ng'ambo ya pili ya mpaka huendelea Isebania, Migori, Kisii na Kisumu. Wakuria, ambao ni wenyeji wa eneo hilo, wanaishi pande zote mbili za mpaka. Mtu anaweza kuwa na shamba Tarime, mjomba Isebania na mchumba Migori, na kwake yeye hizo ni safari za kutembeleana tu.

Ichukuliwe kwamba fundi wa mitambo amefanya kazi Kewanja kwa miaka kadhaa, akanunua gari dogo lililotumika lililotoka Japani, akalisajili Tanzania na kulikatia bima. Kisha akapata kazi Migori na akaamua kuhamia huko pamoja na familia yake. Gari ni lake kwa haki, ushuru wa Tanzania umelipwa, na bima ina miezi saba mbele yake. Siku anapolivusha gari hilo Sirari, mambo mawili kati ya matatu aliyokuwa akiyategemea hubadilika. Umiliki wake unabaki. Bima yake, ikiwa hakuiongezea kitu, haivuki pamoja naye. Na ushuru alioulipa nyumbani haumpi ruhusa ya kuliweka gari hilo Kenya moja kwa moja.

BIMA NI YA NANI, NA INAISHIA WAPI

Sheria za Tanzania zinamkataza mtu kuendesha gari barabarani bila ya bima inayomlinda mtu wa tatu. Kwa upande wa Bara jambo hilo limo katika Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Mtu wa kwanza katika mkataba ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule ambaye hakutia saini yoyote, naye ni mpita njia, mwendesha baiskeli, au mama aliyesimama kando ya barabara na kapu lake la ndizi. Kwa hivyo bima hii, ambayo wananchi wameizoea kwa jina la bima ndogo, haikuwekwa kwa faida ya mwenye gari. Iliwekwa ili aliyeumizwa asikose fidia kwa sababu tu aliyemgonga hana uwezo.

Bima kubwa huongeza juu ya hapo hasara ya gari lenyewe, kama vile wizi, moto na uharibifu wa ajali. Mwenye gari hufaidika nayo, lakini nayo pia ina mipaka yake, na mpaka wa kwanza ni wa ardhi. Mkataba wa kawaida hutaja nchi ambamo bima inafanya kazi. Gari likivuka nje ya nchi iliyotajwa, stika iliyobaki kiooni huwa ni karatasi tu.

Kwa miaka mingi mwananchi hakuwa na mahali pengi pa kwenda kuuliza mambo haya. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963 na Shirika la Bima la Zanzibar mwaka 1969, na biashara ya bima ilikuwa mikononi mwa mashirika ya umma. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa makampuni binafsi, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Makampuni na mawakala ni wengi sasa, na stika zinaweza kuhakikiwa katika mfumo wa elektroniki wa Mamlaka hiyo. Mwenye gari anashauriwa kuihakiki stika yake siku ile ile anapoinunua, kwani stika ya bandia haionekani ubovu wake mpaka siku ya ajali.

KADI YA NJANO

Nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika zililitambua tatizo la mpaka zamani. Mwezi Disemba 1986, mjini Addis Ababa, zilitia saini itifaki ya kuanzisha bima ya pamoja ya magari yanayovuka mipaka, na utaratibu huo ukaanza kazi mwaka uliofuata. Hati yake ni Kadi ya Njano, ambayo hujulikana kwa jina la COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa katika COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki katika utaratibu wa Kadi ya Njano. Kadi hiyo inatambuliwa pia Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na nchi nyingine kadhaa.

Fikra yenyewe si ngeni duniani. Ulaya ilianza kutumia Kadi ya Kijani mwaka 1953, nchi za Kiarabu zilikubaliana juu ya Kadi ya Rangi ya Chungwa mjini Tunis mwaka 1975, na Afrika Magharibi ikaanzisha Kadi ya Kahawia mwaka 1982. Zote zina msingi mmoja, kwamba kampuni ya nchi atokayo gari hudhamini kwa kiwango kile kile kinachotakiwa na sheria ya nchi inayotembelewa. Kwa hiyo gari la Kewanja likiwa Migori na Kadi ya Njano, aliyeumizwa hudai kwa sheria za Kenya, kama kwamba gari hilo lilikatiwa bima Kenya.

Inafaa yaeleweke mambo matatu kuhusu Kadi hiyo. Kwanza, haisimami peke yake. Hutolewa juu ya bima iliyopo nyumbani, na haiwezi kudumu kupita muda wa bima hiyo. Bima ya nyumbani ikiisha, Kadi nayo imekwisha. Pili, inashughulikia madhara kwa watu wengine na gharama za matibabu ya dharura ya dereva na abiria, lakini hailipi uharibifu wa gari lenyewe. Mwenye bima kubwa anayetaka gari lake lilindwe pia akiwa Kenya sharti aiombe kampuni yake iongeze nchi hiyo katika mkataba, na apewe jibu kwa maandishi. Tatu, Kadi imewekwa kwa ajili ya gari linalotembelea nchi nyingine. Haikuwekwa kwa gari lililohamia huko.

AJALI IKITOKEA UPANDE WA PILI

Dereva mwenye Kadi ya Njano akipata ajali nje ya nchi, jambo la kwanza ni kusimama na kuwahudumia walioumia. Kisha aiarifu polisi ya mahali hapo na ahakikishe amepata taarifa yao kwa maandishi. Aoneshe Kadi yake, aandike majina na namba za gari za wahusika pamoja na mashahidi, na aijulishe ofisi ya taifa inayosimamia Kadi hiyo katika nchi alipo. Kila nchi mwanachama ina ofisi ya aina hiyo, na kwa Kenya ni shirika la Kenya Re. Kampuni yake ya nyumbani nayo aiarifu bila ya kuchelewa.

Dereva asikubali kosa wala asiahidi malipo pembeni ya barabara. Huruma kwa aliyeumia ni wajibu, na kumpeleka hospitali ni wajibu, lakini ahadi ya fedha iliyotolewa kwa hofu inaweza kuwa kisingizio cha kampuni kukataa madai yote.

Asiyekuwa na Kadi hana njia hizo. Gari linaweza kuzuiliwa, naye akafikishwa mahakamani kwa kosa la kuendesha bila bima, na fidia yote ikawa ni deni lake binafsi. Aliyevunjika mguu, kwa upande wake, hubaki akimdai mtu ambaye mali yake iko nchi nyingine. Hapo ndipo madhara ya stika isiyovuka mpaka yanapomfikia mtu asiyehusika na lolote.

MGENI NA MKAAZI MBELE YA FORODHA

Sirari na Isebania wapo maofisa wa nchi mbili wanaofanya kazi pamoja chini ya utaratibu wa kituo kimoja cha mpakani, ambapo msafiri hukamilisha taratibu za kutoka na za kuingia katika upande anaoingia. Utaratibu huo umepunguza foleni. Haukufuta tofauti iliyopo kati ya mgeni na mkaazi.

Mgeni anayekuja kutembea hupewa kibali cha kuingiza gari kwa muda. Huonesha kadi halisi ya usajili, leseni ya udereva na bima inayotambulika. Ikiwa gari si lake, huonesha barua ya idhini ya mwenyewe, na ikiwa lina mkopo wa benki, idhini ya benki. Kibali huandikwa tarehe ya mwisho, na kabla ya tarehe hiyo gari litoke au muda uongezwe. Kukaa nalo baada ya hapo ni kosa la forodha, hata kama mwenyewe hakuwa na nia mbaya.

Aliyehama hana tena hadhi ya mgeni. Akitaka gari libaki naye, ni lazima aliingize rasmi na kulisajili upya. Wengi huamini kwamba kwa kuwa Tanzania na Kenya zote zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru uliolipwa Dar es Salaam unatosha Nairobi. Sivyo ilivyo. Bidhaa hupita bila ushuru ndani ya Jumuiya ikiwa imetengenezwa ndani ya Jumuiya kwa masharti yake, na gari lililotumika kutoka Japani halikutengenezwa Afrika Mashariki.

Kuna na suala la umri. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, inakataza gari lenye miaka 15 au zaidi. Tanzania haikuweka katazo la namna hiyo, bali huyatoza magari makuukuu ushuru wa ziada. Matokeo yake ni kwamba gari la miaka kumi na miwili ambalo ni halali kabisa Kewanja huenda lisipokewe kwa usajili wa kudumu kilomita chache mbele. Fundi wa mfano wetu angelijua hilo mapema angeliliuza Tarime kwa bei ya haraka lakini ya haki, badala ya kulitelekeza Migori kibali kikiisha.

Anayehama na gari kwa jumla anatakiwa pia alitoe katika daftari la nchi anayoiacha. Hupata hati ya polisi kwamba gari si la wizi, hukamilisha taratibu za forodha za kulitoa nchini, na huomba usajili ufutwe. Akiacha kufanya hivyo, gari huwa na majina mawili katika nchi mbili, na siku ya kuliuza hapatakuwa na mnunuzi mwenye akili atakayelikubali.

GARI LINALOACHWA NYUMBANI

Wengi wanaohamia mbali hawaondoki na gari. Huliacha kwa ndugu, na hapa ndipo yanapotokea matatizo mengi zaidi, kwa kuwa hakuna mpaka wa kumzuia mtu na kumwuliza.

La kwanza ni kwamba jina lililomo katika kadi ndilo linalotafutwa. Gari likipigwa faini, likisababisha ajali au likitumika katika uhalifu, vyombo vya dola huanza na mwenye jina, ingawa yuko Muscat au Birmingham. Ikiwa gari ameliuza au amelitoa zawadi, uhamisho wa umiliki ufanyike kabla ya safari. Kumkabidhi mnunuzi kadi pamoja na karatasi ya mauziano, na kumwachia "atabadilisha mwenyewe," ni kumwachia mtu jina lako atembee nalo. Kwa Bara uhamisho hufanywa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Zanzibar ina daftari lake la magari, ambayo namba zake huanza na herufi Z, na huko ndiko gari la Visiwani linakohamishwa jina.

La pili ni bima. Tangu mwaka 2017 Tanzania Bara iliondoa ada ya mwaka ya leseni ya gari, na baadhi ya wananchi wakachukulia kwamba gari lililoegeshwa halina tena la kulipiwa. Bima haikuondolewa. Gari lililokaa uani mwaka mzima bila bima likitolewa siku moja kumpeleka mgonjwa hospitali, siku hiyo moja inatosha kuleta msiba. Ama funguo zifungiwe kabisa, ama bima idumishwe.

La tatu ni matumizi. Bima hukatwa kwa matumizi yaliyotajwa. Gari lililoandikwa kuwa la binafsi likigeuzwa kuwa la kubeba abiria kwa nauli, kama inavyofanyika kwa magari madogo katika njia nyingi za vijijini, mkataba umevunjwa. Kampuni inaweza kukataa kulipa, au ikamlipa aliyeumia kisha ikamdai mwenye gari fedha hizo. Mkataba wa bima umesimama juu ya ukweli. Kampuni haimjui dereva wala haijui gari linalala wapi. Inategemea kauli ya mwenyewe. Kwa hiyo mabadiliko ya dereva, ya mahali na ya matumizi yote yaarifiwe kwa barua, na nakala ihifadhiwe.

La nne ni uwakilishi. Ndugu aliyeachiwa ufunguo hana mamlaka ya kuliuza gari, kudai fidia wala kutia saini ya uhamisho. Kwa mambo hayo inatakiwa hati ya uwakilishi iliyothibitishwa kisheria, yenye kutaja namba ya gari na yale hasa anayoruhusiwa kuyafanya. Aliyekwishaondoka anaweza kuitengeneza hati hiyo ugenini na kuithibitisha kupitia ubalozi wa Tanzania. Gari aliloachiwa mtu ni amana, na amana iliyoandikwa humlinda aliyeitoa na aliyeipokea. Ikitokea mwenyewe kufariki ugenini, hati ya uwakilishi hukoma, na gari huingia katika mirathi. Warithi wasiojua kadi iko wapi hupata taabu ambayo ingeondoshwa kwa bahasha moja.

WALIOKO OMANI NA UINGEREZA

Wananchi wa Visiwani wamekuwa na mafungamano na Omani tangu zamani, na wengi hununua gari wakishafika huko. Magari ya Omani hupita upande wa kulia wa barabara na usukani wake uko kushoto, kwa hivyo gari la nyumbani halifai kupelekwa huko. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa mujibu wa sheria ya bima ya magari iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme Namba 34 ya mwaka 1994, na kadi ya gari, wanayoiita mulkiya, hutolewa na Polisi ya Kifalme ya Omani. Anayesafiri kwa gari kwenda Dubai ahakikishe kwamba bima yake imeongezewa nchi hiyo au ana Kadi ya Rangi ya Chungwa. Kanuni ni ile ile ya Sirari.

Uingereza nako magari hupita kushoto kama kwetu, lakini taratibu za bima ni kali zaidi. Huko bima huangalia gari na vile vile mtu anayeliendesha, na dereva asiyetajwa katika mkataba kwa kawaida hana bima. Mgeni aliyekuja kuazimwa gari na binamu yake asikae kwenye usukani kabla jina lake halijaongezwa. Tangu mwaka 2011 gari lililosajiliwa Uingereza sharti liwe na bima wakati wote, hata likiwa limeegeshwa, isipokuwa mwenyewe ametoa taarifa rasmi kwamba limeondolewa barabarani. Leseni ya udereva ya Tanzania humruhusu mkaazi mpya kuendesha kwa muda wa miezi 12 tu tangu kuhamia. Baada ya hapo sharti afuate njia ya kupata leseni ya Uingereza. Akiendelea kuendesha na leseni iliyopitwa na muda, bima aliyoilipia inaweza isimfae.

Wapo vijana wanaoandikisha bima kwa jina la mzee ili walipe ada ndogo, ilhali wao ndio madereva wa kila siku. Kampuni ikigundua, huuvunja mkataba, na rekodi hiyo humfuata kijana kila aombapo bima nyingine. Punguzo la mwaka mmoja halistahili gharama hiyo.

MAREJEO

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Anayerudi nyumbani kwa makaazi ya kudumu amepewa nafuu na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Tano. Kwa masharti ya sheria hiyo, mtu anayehamisha makaazi yake anaweza kuingiza gari moja bila ya kulipa ushuru wa forodha, ikiwa amelimiliki na kulitumia yeye mwenyewe nje kwa muda usiopungua miezi 12, bila ya kuhesabu muda wa safari ya melini. Awe ametimiza umri wa miaka 18, na awe anahama kweli, si kuja likizo. Nafuu hiyo haihusu basi dogo lenye uwezo wa kuchukua zaidi ya abiria 13, wala gari la mizigo linalozidi tani mbili. Gari liwasili ndani ya siku 90 tangu kuwasili kwa mwenyewe, au katika muda ulioongezwa na Kamishna, ambao hauzidi siku 360.

Hapa ndipo daftari la bima linapolisaidia daftari la forodha. Kadi ya usajili ya ugenini huonesha umiliki. Hati za bima za ugenini, zenye jina la mwenyewe na tarehe mfululizo, husaidia kuonesha kwamba gari lilitumiwa naye kweli. Aliyeandikisha bima kwa jina la mtu mwingine ili aokoe fedha kidogo hujikuta bandarini hana ushahidi. Aidha, gari lililosamehewa ushuru si la kuuzwa mara moja. Likihamishwa kwa mtu asiye na haki ya msamaha, ushuru unaweza kudaiwa. Ikumbukwe pia kwamba bima ya barabarani haimlindi mtu kwa hasara ya safari ya meli, na safari hiyo inahitaji bima yake ya mizigo.

YA KUTIMIZA KABLA YA SAFARI

Kwa muhtasari, kila mwenye gari anayehama anakumbushwa yafuatayo:

1. Aamue mapema kama gari litauzwa, litaachwa au litakwenda naye, na aulize kwanza sharti la umri na la usukani katika nchi anayokwenda.

2. Akiliuza, uhamisho wa jina ukamilike yeye mwenyewe akiwapo.

3. Akiliacha, aiarifu kampuni ya bima kwa barua ni nani atakayeliendesha na kwa matumizi gani, na aache hati ya uwakilishi iliyothibitishwa.

4. Akivuka nalo kwa muda, achukue Kadi ya Njano na kibali cha forodha, na aandike tarehe zote mbili mahali atakapoziona.

5. Akihama nalo moja kwa moja, afute usajili wa nyumbani na alisajili upya huko, kisha akate bima ya huko kabla ya kuliingiza barabarani.

6. Aombe kampuni yake barua inayoeleza miaka aliyokaa bila ya kudai fidia. Zipo kampuni za ugenini zinazoizingatia, na zipo zisizoizingatia, lakini asiyekuwa nayo hana cha kuonesha.

7. Nakala za kadi, bima na hati zote ziwekwe kwa mtu mmoja anayeaminika nyumbani.

Kazi yote hiyo haizidi siku chache za kupita maofisini, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na bei ya gari. Mkaazi wa Kewanja anayevuka Sirari na mkaazi wa Unguja anayepanda ndege kwenda Muscat wana wajibu wa namna moja. Kila mmoja ahakikishe kwamba popote gari lenye jina lake lilipo, likimgusa mtu njiani, yupo atakayelipa, na yupo atakayejulikana kwamba ndiye mwenyewe.